Mtihani wa Mwisho wa Mwalimu Okot

Jumatatu, 1 Septemba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukumbini Makindye. Watu kumi na wanane. Sakafu baridi, mikeka ina unyevu wa mvua ya jana. Goti la kushoto linauma tena. Nilifunga bendeji ndani ya suruali ili Sabum asione.

Sabum ndivyo tunavyomwita mwalimu Okot, kama yeye alivyomwita Mkorea aliyemfundisha taekwondo alipokuwa askari kijana. Ana miaka sitini na tisa. Mguu wake bado unapanda juu kuliko wangu.

Mateke mia kila mguu. Yeye anahesabu kwa Kikorea, sisi tunapiga. Hana, dul, set, net. Leo alipofika sita alirudi tatu. Tukapiga kuanzia tatu. Akafika sita, akarudi tatu. Mara nne hivyo. Tulidhani ni adhabu. Ssali, aliyekuwa kulia kwangu, alinong'ona kwamba lazima mtu kachelewa. Hakuna aliyechelewa. Mara ya tano akapita sita, akaenda hadi kumi, akaendelea na somo.

Nilimtazama usoni. Alikuwa anatazama ukuta.

Halafu roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai mawili, kando ya barabara, halafu Kisenyi, kazini. Beringi, gasketi, breki. Siku nzima.

Jumatano, 3 Septemba

Leo pumse, ule mfululizo wa hatua ambao kila mkanda una wake. Sabum alituongoza mwenyewe. Hatua ya nane mtu anageuka kulia. Yeye akageuka kushoto. Watu kumi na saba nyuma yake wakageuka kushoto. Mimi peke yangu nikaenda kulia, nikajikuta natazamana na wote.

"Nekesa. Usingizi?"

Wakacheka. Nikainama, nikaomba radhi. Tulirudia mara sita. Zote sita nikageuka kushoto.

Miaka kumi na moja nimegeuka kulia pale.

Jumamosi, 6 Septemba

Kushoto tena. Wale wapya sasa hawajui kwingine.

Mtihani umetangazwa: Jumamosi, tarehe 11 Oktoba. Mtahiniwa wa mkanda mweusi ni mmoja tu, Hibo. Ana miaka kumi na tisa, mwembamba, mtandio umebana chini ya kofia ya kinga. Mama yake anauza vitambaa kwa jumla Kisenyi, maduka matatu kutoka tunapouza spea. Ni mimi niliyemleta ukumbini akiwa na miaka kumi na mitatu.

Mtihani wetu unaisha kwa dakika mbili za kupigana na Sabum mwenyewe. Hiyo ni kanuni yake, haipo kwingine. Mimi nilipita hapo miaka saba iliyopita. Mguu wake ulikuja mbele ya pua yangu mara tisa na mara zote tisa ulisimama. Nilihisi upepo tu.

Hibo alinifuata nje akaniuliza kuhusu hatua ya nane. Ameona kwenye video za nchi nyingine watu wanageuka kulia. Nikamwambia afanye kama Sabum anavyofanya.

Kwa nini nilimwambia hivyo?

Jumanne, 9 Septemba

Ssali kapoteza jino.

Sabum alimwita mbele kuonyesha teke la kuzunguka. Jambo la kila wiki. Ssali anasimama, mikono chini, mguu unakuja, unasimama shavuni, sote tunapiga makofi. Leo haukusimama. Sauti kama mlango wa gari la zamani. Ssali ni fundi wa gereji, mwili wake wote ni misuli. Akaenda chini kama nguo iliyoanguka kambani.

Sabum alitazama mguu wake mwenyewe. Muda mrefu. Kisha akasema, "Umesogea."

Ssali, mdomo umejaa damu, akasema ndiyo, Sabum, nimesogea.

Hakusogea. Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Wote tuliona. Wote tukainama.

Jumatano, 10 Septemba

Sikwenda mazoezini. Goti, nilimwambia Ssali. Uongo.

Nimekaa kitandani nikikumbuka nilivyoanza. Nilikuwa na miezi mitano Kampala, nimetoka Bungoma, nimepata kazi ile ile ninayoifanya leo. Mfanyakazi mwenzangu alinitania mbele ya wateja kuhusu Kiswahili changu cha Kenya. Nikachukua spana ya magurudumu nikampiga begani. Ningeweza kumpiga kichwani. Nilikuwa nimeshalenga kichwa. Sijui nini kiliupeleka mkono begani. Tajiri hakunifukuza lakini mimi nilijiogopa, kwa sababu nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na mama yangu alikuwa mwanamke wa namna hiyo, na kovu la kijiko cha moto liko hapa mgongoni.

Nikamwambia Sabum siku ya kwanza kwamba nataka kujifunza kupiga. Akacheka. "Kupiga hata punda anajua. Mimi nafundisha kusimamisha."

Ndiyo mafunzo yake yote. Mapigo ni rahisi, mwili unayapenda. Kazi ni ile inchi moja kabla ya ngozi. Alinifanya nipige teke mbele ya mshumaa uzimike bila kuguswa. Miezi minane. Tangu hapo sijampiga mtu kwa hasira.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo alikuwa yeye kabisa. Alihesabu hadi mia bila kosa. Aligeuka kulia. Alinikamata na bendeji yangu, akanikalisha chini, akanikanda goti kwa vidole gumba huku akinisimulia jinsi Mkorea wake alivyomfanya akimbie na tofali kila mkono. Nilicheka mpaka machozi.

Naona haya kwa niliyoandika Jumanne.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa sita mchana alikuja dukani. Shati lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. Nikafurahi, nikatoka nyuma ya kaunta kumsalimu.

"Nnyabo," akasema, kama mteja anavyomwambia mwanamke asiyemjua, "mna stata ya pikapu yangu?"

Akataja pikapu aliyoiuza kabla sijamfahamu. Nikadhani utani. Nikamwita Sabum. Akanitazama kwa adabu, akasubiri jibu. Nikasema hatuna. Akashukuru. Akatoka, akapotea kwenye watu wa Kisenyi, mgongo wima.

Nilipata akili baadaye kidogo, nikamkimbilia. Sikumwona. Nikampigia mkewe, Mama Laker. Akasema usijali, amesharudi, iko hapa anakunywa chai. Sauti yake ilikuwa chini sana kwa mtu ambaye hana la kujali.

Jumapili, 21 Septemba

Baada ya kanisa nilikwenda kwao. Sabum alikuwa amelala. Mama Laker alinipokea jikoni, amejifunga khanga mpaka viganja. Joto lote lile. Alipoinua sufuria khanga ikateleza. Kifundo cha mkono kimevimba, cheusi kama biringanya.

Akairudisha sufuria mekoni. Halafu akaongea, kwa Kiswahili chake cha kambini, alichozaliwa nacho kwenye nyumba za polisi.

"Mimi naleta yeye dawa ya sukari. Naguza yeye bega hivi, kwa nyuma. Akashika mkono, akazungusha. Ile ya kazi. Hakunijua, Nekesa. Mkono ndiyo ilijua kazi, yeye hakujua."

Nilimuuliza ni mara ngapi. Akaonyesha vidole vitatu.

Anasema saa nyingine mzee huvaa sare yake ya zamani na kusimama getini mchana kutwa akingojea lori la kumpeleka zamu. Anamwacha asimame. Akisimama anatulia.

Nilisema lazima aende kwa daktari, lazima ukumbi ufungwe. Akanishika kwa ule mkono mzima. Ukumbi ndiyo dawa yake, akasema. Asubuhi akirudi kutoka kwenu anajua jina langu mpaka saa nane. Ukifunga, mimi nabaki na nani?

Nikamkatia mboga.

Jumanne, 23 Septemba

Nilimngojea Ssali nje ya gereji yake. Yeye ndiye msaidizi, ufunguo wa ukumbi uko kwake. Nikamwambia kila kitu. Stata, sare, mkono wa Mama Laker.

"Bannange, Nekesa. Mzee anazeeka tu. Babu yangu pia alikuwa anasahau, na hakuna mutu alimfunga."

Nikamuuliza kuhusu jino.

"Mimi nirisogea."

Nilitaka kumtikisa. Nikaweka mikono mifukoni. Nikamwambia basi Hibo asipigane naye kwenye mtihani, tufute zile dakika mbili. Akasema nani atamwambia Sabum? Wewe? Haya, mwambie.

Ni mwoga. Mimi pia.

Jumatatu, 29 Septemba

Hibo anafanya mazoezi mara mbili kwa siku. Ameacha kula jioni, mama yake analalamika. Teke lake la kisigino limekuwa zuri mno. Sabum anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Leo alimwita jina jingine. "Laker, inua goti." Laker ni binti yake, yuko Gulu, mwalimu wa shule, ana watoto. Hibo aliinua goti.

Jumatano, 1 Oktoba

Somo la kujikinga na kisu. Tuna kisu cha mbao kwa somo hilo, kimezungushiwa utepe mwekundu. Sabum alifungua begi lake akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kisu cha jikoni. Kile cha Mama Laker cha kukatia nyama.

Akamwita Ssali.

Ssali alikwenda. Miguu ilimpeleka. Watu walikuwa wamekaa chini, mikono magotini. Sabum alikishika vizuri, chini, karibu na paja, kama mtu anayejua. Macho yake yalikuwa matulivu. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Sijui wazo lilitoka wapi. Nilisimama, nikainama mpaka kiunoni, nikaenda mbele na mikono miwili imenyooshwa, viganja juu. Ndivyo tunavyopokea kitu kutoka kwa mwalimu. Nikasema, "Sabum, niruhusu nikushikie."

Alinitazama. Kisha mwili wake ukafanya ulichozoea. Akaweka kisu juu ya viganja vyangu, kwa mikono yake miwili, akainama kidogo.

Nikaenda nacho chooni. Nikafunga mlango kwa komeo.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemwambia.

Baada ya mazoezi nilimsindikiza nyumbani. Alikuwa mzima leo, mzima kabisa, akiuliza habari za mama yangu kwa jina lake. Nilichagua siku ambayo angenisikia. Tulikaa kwenye baraza lake. Chini kule askari wa kambini walikuwa wakikimbia na kuimba.

Nikasema: Sabum, kuna mambo mwili wako unafanya na wewe haupo. Nikataja jino. Nikataja kisu. Nikataja mkono wa Mama Laker, na yeye Mama Laker, mlangoni, akafunika uso. Nikasema asipigane na Hibo. Nikasema twende kwa daktari, nitaomba ruhusa kazini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukatiza hata mara moja. Aligeuka akamtazama mkewe, akautazama ule mkono. Kwa kitambo kidogo nilimwona anajua. Niliona kwa macho yangu. Kilikuwa kitu kibaya kukiona, kama mtu anayechungulia kisima na kuona kina.

Halafu kikapita. Uso ukawa jiwe.

"Nilikuchukua ukiwa mnyama," akasema. "Sasa unataka ukumbi wangu. Weka mkanda wako hapa."

Mkanda ulikuwa kwenye begi. Nikautoa. Nikaukunja. Nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Nimelia njia nzima mpaka kwangu. Si kwa huzuni. Kwa hasira. Neno lile, mnyama.

Jumatatu, 6 Oktoba

Niliamka saa kumi na moja kama kawaida. Nikakaa kitandani na soksi mkononi. Hakuna pa kwenda.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya uhuru, duka limefungwa. Hibo alikuja kwangu. Ukumbini wameambiwa nimejiuzulu kwa sababu ya goti.

Nikamweleza ukweli wote. Nikamwambia ajitoe, au akatae zile dakika mbili. Alisikiliza akichezea pindo la mtandio.

"Dada Nekesa, ungekuwa wewe, ungejitoa?"

Nilipaswa kusema ndiyo. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

"Hapana," nikasema.

Akatabasamu. Amengoja miaka sita. Akasema Sabum hawezi kumuumiza, anamwita binti yake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika saa kumi alasiri. Herufi zinapanda juu ya mstari.

Mtihani ulianza saa tatu. Wazazi kwenye viti vya plastiki. Mama yake Hibo mbele kabisa, baibui jeusi, mkoba mapajani. Mimi nilisimama mlangoni kwa nje, na nguo za kazi. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenikaribisha.

Hibo alifanya pumse zake vizuri. Kwenye hatua ya nane aligeuka kushoto. Mbao tatu, zote zilipasuka kwa pigo la kwanza. Sabum alikaa mezani na sare nyeupe kama chumvi, ametulia, anaandika alama. Mama Laker pembeni yake, mkono umefichwa kwenye khanga.

Halafu dakika mbili. Ssali mwamuzi.

Dakika ya kwanza ilikuwa nzuri. Naapa. Mguu wake ulikuja na kusimama, ukaja na kusimama, vile vile kama ulivyosimama kwangu. Hibo alikuwa anacheka kwa ndani, niliona. Nikawaza, nimeharibu kila kitu bure. Mimi ni mjinga na nimemvunjia heshima mzee.

Kisha Hibo akapata nafasi. Kisigino chake kikamgusa mbavuni, safi kabisa. Watu wakapiga makofi.

Nadhani ni yale makofi. Kelele ya ghafla kutoka nyuma yake. Mabega yake yalishuka, ngumi zikafunguka. Hatupigani kwa viganja wazi. Hiyo ilikuwa ile ya askari. Akamkamata Hibo kwenye mkono wa sare yake, akamvuta, akashusha ubavu wa kiganja kwenye mtulinga. Niliusikia ukivunjika nikiwa mlangoni.

Hibo alianguka bila sauti. Ssali alipaza amri ya kusimama, "Kuman!" Mara mbili. Sabum alimfuata Hibo chini na goti lake likapanda. Ssali alibaki ameinua mkono hewani. Wote walibaki vile vile walivyokuwa. Ukumbi mzima wa watu waliofundishwa kutii.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka viatu vyangu kwenye mikeka, nikafikiri, nimeingia na viatu. Nilimpiga teke la kusukuma, katikati ya kifua, kwa nguvu yangu yote. Sikuzuia hata kidogo. Mzee wa miaka sitini na tisa. Alipaa. Alianguka chali, akateleza mpaka kwenye viti.

Nikamfuata. Nilisimama juu yake na ngumi juu. Naandika hili kwa sababu ni kweli na hakuna atakayelisoma: nilitaka ainuke. Neno lile lilikuwa bado kichwani mwangu na nilitaka ainuke nimpige tena.

Alinitazama kutoka chini. Akagusa kifua chake. Halafu akatabasamu, tabasamu la mwenyeji kwa mgeni.

"Karibu, nnyabo. Umekuja kujiandikisha?"

Ngumi zangu zikashuka zenyewe.

Mama yake Hibo alikuwa anapiga kelele kwa Kisomali. Mama Laker alikuwa ameshapiga magoti kando ya mumewe. Ssali alikaa chini akalia kama mtoto.

Jumapili, 12 Oktoba

Hibo: mtulinga umevunjika mahali pawili. Mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, wiki sita.

Sabum: mbavu mbili zimepasuka. Mguu wangu huo.

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama yake Hibo alituma niitwe. Nilidhani nitakuta polisi. Alikuwa peke yake dukani, anakunja vitambaa. Hakuniambia nikae.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Septemba."

Akakunja kitambaa kingine. Kirefu, cha kijani. Akalinganisha pindo na pindo.

"Basi mfupa huu ni wako pia."

Nikasema ndiyo. Nilitaka kusema zaidi, kwamba nilimwambia mzee, kwamba nilimwambia Hibo. Sikusema. Ingekuwa kujitetea.

Kwa polisi hataenda. Kumshtaki mzee mgonjwa, akasema, kutauunga mfupa? Akanionyesha majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini. Kila asubuhi Hibo ndiye huyashusha na kuyapanga mbele. Wiki sita hawezi. "Utakuja wewe. Saa kumi na mbili."

Jumatatu, 20 Oktoba

Majora arobaini kila asubuhi. Mazito kuliko mtu anavyofikiri. Mgongo unaniuma sehemu ambazo mateke hayajawahi kuzifikia. Mama yake Hibo hanisemeshi. Leo aliniwekea kikombe cha chai ya maziwa kwenye ngazi, akaondoka kabla sijashukuru.

Hibo anakaa kwenye kiti na kunielekeza kwa mkono mzima. Nyekundu kushoto. Hapana, ile nyingine. Nilimwambia nilimdanganya siku ile. Kwamba nilipaswa kusema ningejitoa. Akasema hukudanganya. Ungeenda. Hilo ndilo tatizo letu sote.

Ssali alipeleka ufunguo wa ukumbi kwa Mama Laker. Ukumbi umefungwa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Tulimpeleka kwa daktari wa ubongo, mimi, Ssali na Laker aliyeshuka kutoka Gulu. Picha za kichwa. Daktari kijana, mpole. Ufahamu wake hautarudi, alisema, utaendelea kwenda. Huenda mapigo ya kichwani ya ujanani yamechangia. Aliuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani.

Ssali akajibu: mwalimu.

Njiani kurudi Sabum alitazama nje ya dirisha na kusoma vibao vya maduka kwa sauti, kimoja baada ya kingine, hakukosea hata kimoja. Laker alimshika mkono. Alikubali kushikwa.

Jumatatu, 10 Novemba

Sijapiga teke tangu siku ile. Leo nikishusha jora niliteleza, likaniangukia mguuni. Nikalipiga ngumi. Jora la pamba. Mama yake Hibo aliniona.

Akasema, "Likunje upya."

Nikalikunja upya.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua asubuhi, mchana jua.

Hibo amefunguliwa mkono. Umekuwa mwembamba. Anauinua mpaka bega, si zaidi. Bado hajaamua kama atarudi kwenye mazoezi na sikumuuliza.

Jumapili nakwenda kwa Mama Laker ili yeye aende kanisani, kisha sokoni. Huwa anachelewa kurudi makusudi, anatembea tu. Ninamwelewa. Laker atawachukua wote wawili Krismasi ikipita.

Tulikaa barazani, Sabum na mimi, na ungo wa karanga katikati yetu. Anazimenya vizuri, haraka, bila kutazama. Mbavu zimepona. Nilikuwa nimeinama juu ya ungo, nimechoka, viwiko magotini. Nikaona ameacha kumenya.

"Wewe ni nani?"

"Mwanafunzi wako, Sabum."

Akalifikiria.

"Mzuri?"

"Bado najifunza."

Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, bila haraka.

"Basi nyoosha mgongo."

Nikanyoosha. Akarudi kwenye karanga.